Rofna, Mahali Maandamano Yanapogeuka

Asubuhi kwetu huanza na ribel. Ukipita Runggal, mji wetu mdogo wa milimani, mapema, utasikia mwiko ukikwaruza kikaango katika kila nyumba. Ribel ni unga wa mahindi uliosongwa ukakauka, kisha ukavunjwavunjwa na kukaangwa kwa siagi. Tunakula na kahawa ya maziwa. Kikaango kinawekwa katikati ya meza na kila mtu anachota upande wake. Ukivuka upande wa mwenzako, unapigwa kijiko mkononi.

Asubuhi hiyo tulikuwa watano mezani. Nilikuwepo mimi, Filomena. Watu wa nyumba hii huniita Nana, na hilo ndilo jina la kila bibi katika bonde letu. Alikuwepo mwanangu Gebhard, mchimbaji kwenye bwawa la umeme kule juu milimani. Alikuwepo mke wake Ludwina, mwenye mimba. Na walikuwepo wajukuu wangu, Burga na mdogo wake Wendel.

"Sogeza kiwiko chako," Burga alimwambia mdogo wake.

"Nikisogeze wapi? Ukutani?"

"Kitie mfukoni."

Ludwina alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Nyumba yetu ilikuwa ndogo kweli. Yeye, mumewe na watoto walilala chumba kimoja juu ya jiko. Mimi nililala kando ya tanuri. Mtoto wa tatu alikuwa njiani, na hapakuwa na mahali pa kuweka hata kitanda chake.

Gebhard akaweka kijiko chini.

"Basi sikilizeni," akasema. "Nyasi zikishaingia ghalani, naanza kuchimba msingi. Nimepata kiwanja."

"Wapi?" nikauliza.

"Pumziko la Jua."

"Mimi pahali hapo sipajui."

"Mama, unapajua. Umekata nyasi pale tangu usichana wako. Ni lile shamba kando ya kijito."

"Kumbe ni Rofna."

"Ilikuwa Rofna. Siku hizi ni Pumziko la Jua. Kibao kiko pale, kimepakwa rangi ya njano. Hata aliyefunga macho atakiona."

Kibao hicho kiliwekwa na Serafin Ganahl, mwenye hoteli. Miaka hiyo wageni walikuwa wameanza kutujia kwa wingi, wa kuteleza kwenye theluji na wa kupanda milima. Serafin alikuwa mwenyekiti wa chama cha kukaribisha wageni. Alisema majina yetu ya kale yanasikika kama mtu anayekohoa. Kwa hiyo chama kikatafuta majina matamu, kikayaandika kwenye vibao.

"Kuna jua kutwa nzima pale," Ludwina akasema. Sasa macho yake yalikuwa yanacheka. "Kuna maji. Kuna barabara. Ni tambarare, Nana, mtoto hawezi kubiringika. Nimeshachagua hata dirisha la jikoni. Litatazama kijito."

Sikupenda kumvunja moyo. Lakini mkono wangu ulisimama juu ya kikaango.

"Maandamano hayavuki pale," nikasema.

"Maandamano gani tena?" akauliza Gebhard.

"Ya kuombea mashamba. Tunafika kwenye msalaba wa kilimani, padre anabariki, tunageuka. Hatuingii Rofna. Hatujawahi kuingia."

"Mama, hiyo ni kwa sababu padre yule wa zamani alikuwa na miguu mibaya. Kila mtu anajua."

"Baba yangu alisema ni kwa sababu watu wa ng'ambo ya kijito walituibia kengele."

"Umeona? Kila mtu na hadithi yake."

Hapo alinishinda. Mimi nilisoma miaka michache tu, tena wakati wa baridi peke yake, kwa sababu wakati wa joto tulichunga mbuzi. Nilijua kwamba Rofna haikuwa mahali pa kujenga, lakini sikujua kwa nini. Nilimkumbuka mama yangu. Tulikuwa tunageuza nyasi pale, zikiwa zimekauka vizuri, na wingu jeusi linatokea juu ya kilele. Kwingine kote, ukiona wingu, unakimbiza nyasi ghalani. Pale Rofna mama alisema, "Bebeni reki, twendeni." Tuliziacha nyasi zinyeshewe. Nikimuuliza sababu, alisema ndivyo tunavyofanya. Sasa jibu la namna hiyo utampaje mwanamume anayetaka kuwajengea watoto wake nyumba?

*

Jumamosi alikuja Mwalimu Kreszenz kununua jibini yangu chachu. Alikuwa mwalimu wa shule yetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuwa mteja mgumu. Alikata kipande kidogo, akaonja, akafumba macho.

"Hii imelala vizuri," akasema. "Ile ya juma lililopita ilikuwa bado inapiga kelele."

"Ile ulinunua kwa haraka, Mwalimu. Usimlaumu ng'ombe."

Nikamfungia jibini yake. Kisha nikamuuliza lililokuwa linanikera.

"Mwalimu, wewe umesoma mambo ya majina. Rofna ni nini?"

Alikwenda dirishani.

"Njoo tutazame kwanza," akasema. "Mji huu umekaaje?"

"Umekaa ulivyokaa."

"Kanisa liko wapi?"

"Juu ya mwamba."

"Na nyumba za kale?"

"Zimelizunguka kanisa. Nyingine ziko kwenye mgongo wa kilima, kama hii yetu."

"Sasa tazama Rofna. Pana jua kuliko sisi. Tambarare kuliko sisi. Karibu na maji kuliko sisi. Mababu wamekaa bonde hili miaka mingi sana. Kwa nini hakuna nyumba hata moja pale?"

Nilitazama. Nilikuwa nimepaona kila siku ya maisha yangu, na sijawahi kujiuliza. Shamba kubwa la kijani, ghala moja la nyasi, basi. Hata mti mkubwa haukuwepo. Vichaka tu.

"Majina yetu si ya Kijerumani," Mwalimu akaendelea. "Yametoka katika lugha iliyosemwa hapa zamani, kabla hatujabadili lugha. Bado inasemwa ng'ambo ya mipaka, kwa majirani zetu Waswisi. Watu walibadili lugha, lakini majina ya mashamba waliyaacha kama yalivyo. Waliyatumia tu, kama mtu anavyotumia ufunguo bila kujua nani aliuchonga. Runggal maana yake ni ardhi iliyofyekwa. Hapa palikuwa msitu. Watu wakang'oa miti na visiki, wakapata pa kuishi."

"Kumbe jina la mji ni jasho la watu."

"Ndiyo. Fontanell, pale tunapochota maji, ni chemchemi ndogo. Pradell, pale nyuma ya kilima, ni shamba dogo la majani."

"Na Rofna?"

"Poromoko. Mahali ardhi iliposhuka."

Nikakaa kitini. Mwalimu akakaa nami.

"Usiogope, Mama Filomena. Jina peke yake halitoshi. Pengine ardhi iliporomoka mara moja, zama za kale, ikatulia. Jina linakuambia uliza. Jibu liko ndani ya ardhi yenyewe. Gebhard achimbe shimo kabla ya kuchimba msingi. Kisha amwite bwana wa mito ya milimani, mtumishi wa serikali kutoka mjini chini. Ndiyo kazi yake kuja kutazama."

*

Jioni nilimweleza Gebhard. Alisikiliza huku anavua buti. Ludwina alisikiliza huku anamenya viazi, na kisu kilikuwa kinakwenda kasi.

"Mwalimu ana vyumba vinne na paka mmoja," akasema Ludwina. "Ni rahisi kwake kutuonya. Mimi nitazaa wapi? Ndani ya sanduku la kuni?"

"Hajasema tusijenge," nikajibu. "Amesema tuchimbe kwanza."

"Nyumba nzima ingojee jina la lugha ambayo hakuna anayeisema."

Gebhard alijinyoosha. Yeye ni mtu wa kazi za mikono, habishani sana.

"Kuchimba ningechimba tu," akasema. "Shimo si hasara. Kama ardhi ni nzuri, nitakuwa nimeshaanza msingi, na nyinyi wawili mtanyamaza."

Jumatatu alipotoka kazini alichukua sululu na sepetu, akaenda Rofna. Tulimfuata na chai kwenye chupa. Alichimba pale hasa palipotakiwa kuwa jikoni, kwa sababu Ludwina ndiye aliyemwonyesha. Udongo wa juu ulikuwa mzuri, mweusi. Ludwina akanitazama, kidevu chake kikiwa juu.

Kisha sepetu ikagonga mawe. Gebhard akachukua sululu. Alichimba hadi magoti, hadi kiunoni, hadi mabegani. Mara akaacha. Akachukua jiwe moja, akaligeuza. Akachukua jingine.

"Ludwina," akaita. "Njoo uone."

"Naona mawe. Ulitegemea sufuria?"

"Tazama yalivyokaa. Mto wa kawaida hupanga mawe yake. Makubwa huku, madogo kule, mchanga mahali pake, na yote yamelainika. Haya yamechanganyika. Hili ni kama yai, hili ni kama ng'ombe aliyelala, na katikati ni tope. Na pembe zake bado kali. Haya hayakuletwa polepole. Yalikuja yote pamoja."

Kazi yake kule bwawani ni mawe. Mawe anayajua.

"Na chini yake," akasema. Akapangusa ukuta wa shimo kwa kiganja. "Angalia mstari huu mweusi. Ni udongo wa shamba. Una mizizi ya majani ndani yake. Hapa palikuwa malisho, kama tulivyosimama leo. Pakafunikwa. Nyasi zikaota juu. Chini zaidi kuna mstari mwingine."

"Pakafunikwa tena," nikasema.

"Na hiki hapa." Alikuwa ameshika kitu nilichodhani ni mzizi mnene. Kilikuwa shina la msonobari, limesimama wima ndani ya ardhi, na gome lake bado liko. Mti mzima ulizikwa umesimama.

Ludwina alikaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia, mikono juu ya tumbo lake.

"Nilishachagua dirisha," akasema.

Gebhard akapanda juu, akakaa karibu naye. Mimi nikawamiminia chai, nikaenda kutazama kijito. Kilikuwa chembamba. Kuku angekivuka bila kulowa tumbo.

*

Bwana wa mito alikuja juma lililofuata. Jina lake Othmar Juen. Alipanda juu kabisa ya korongo kijito kinapotoka, akarudi suruali yake imejaa tope mpaka mapajani. Sikumruhusu aingie jikoni mpaka alipovua viatu.

"Mna unga?" akauliza.

"Una njaa?"

"Nataka kuwaonyesha kitu. Lakini nikimaliza, ndiyo, nina njaa."

Nikampa unga kwenye mfuko wa karatasi. Alikata kona ya mfuko, akauinamisha juu ya meza. Unga ukashuka kwa nguvu, ukafika mezani, ukatawanyika na kufanya kilima kipana kilicholala, kama mkia wa ndege uliofunguliwa.

"Korongo ni mfuko," akasema. "Meza ni bonde. Unga ukifika mahali tambarare, unapoteza nguvu na kulala. Rofna yote ni unga uliomwagwa. Ndiyo sababu ni tambarare. Ndiyo sababu ni nzuri machoni."

"Lakini maji yale ni kidogo," Ludwina akasema. "Hata bata hawezi kuzama."

"Kweli, mama. Siku za kawaida ni kidogo. Lakini kule juu kuna bakuli kubwa la mwamba laini unaobomoka. Kila mwaka mawe na miti inaanguka ndani ya korongo na kuziba njia. Ikija mvua kubwa ya ghafla, maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi hicho. Kizuizi kikishindwa, vyote vinakuja pamoja. Nimeona kule juu magogo yamelaliana. Mfuko umejaa."

"Itakuwa lini?" Gebhard akauliza.

"Sijui. Pengine mwaka huu. Pengine wakati wa wajukuu zenu. Tatizo la mahali kama hapa ni hilo. Linatokea, watu wanaogopa. Halafu hawajengi. Wanakufa. Watoto wao hawajengi kwa sababu wazazi walikataza. Wajukuu wanasahau kilichokatazwa kilikuwa nini."

"Sisi tulisema ni miguu ya padre," akasema Gebhard.

"Kila bonde lina padre wake wa namna hiyo." Othmar akakusanya unga kwa kiganja na kunirudishia. "Kateni nyasi Rofna. Lisheni ng'ombe. Ila msilale pale, na msikae pale wingu likiwa juu ya kilele. Msiingie kwenye ghala mkidhani mtajikinga. Ondokeni, na msifuate kijito kwenda chini. Nendeni pembeni, mpande mgongoni mwa kilima."

Mama yangu aliyajua haya yote kwa maneno matatu, "Bebeni reki, twendeni." Lakini sasa nilijua sababu, na sababu nilikuwa naweza kumpa mtu mwingine.

Alikula ribel mpaka vikombe viwili vya kahawa vikaisha. Alivuka upande wa Wendel, akapigwa kijiko.

*

Basi ikabaki Pradell. Tulikuwa na kipande pale nyuma ya kilima, lile shamba dogo la majani ambalo jina lake linasema hivyo hivyo. Othmar alipaona akasema ni mwamba mzuri chini. Lakini palikuwa na mteremko, na mcheri mzee, mti wa matunda ya cheri, ulikuwa katikati. Tena wakati wa baridi jua halifiki, linapita nyuma ya kilima kama mgeni asiyetaka kuingia.

"Nimetoka kwenye Pumziko la Jua," akasema Ludwina, "nimepelekwa kwenye mfuko wa koti."

"Utakuwa mfuko wako mwenyewe," Gebhard akamjibu. "Na dirisha litatazama popote utakapo."

"Litatazama mcheri. Hakuna kingine cha kutazama."

Habari za shimo zilienea. Waliokuwa wanataka viwanja Rofna walikwenda kuchungulia. Mmoja baada ya mwingine walirudi nyumbani wakitikisa kichwa. Serafin mwenye hoteli akaja kwetu, kofia mkononi, uso mwekundu.

"Nana Filomena, nasikia mnawatisha watu."

"Kaa chini, Serafin. Nimekupakata ukiwa mtoto, usinisimamie kichwani."

Akakaa.

"Nilitaka kujenga nyumba ya wageni pale," akasema. "Nani atalala mahali panapoitwa Poromoko?"

"Ndiyo maana waliotangulia walipaita hivyo. Ili asilale mtu."

"Wageni wanataka majina mazuri."

"Majina mazuri tunayo mengi. Fontanell ni zuri. Hilo umelibadilisha liwe nini?"

Alikuna shingo. "Kona ya Waridi."

"Pana waridi?"

"Hapana."

"Pana chemchemi?"

Alicheka bila kupenda. Serafin si mtu mbaya. Ana watu wengi wanaomtegemea kwa kazi. Aliondoka akisema atangoja mwaka mmoja aone. Kibao chake cha njano alikiacha pale pale.

Sisi tukajenga Pradell. Haikuwa rahisi. Kwenye mteremko kila jiwe unalibeba mara mbili, kwanza juu, halafu mahali pake. Majirani walikuja kila Jumamosi na toroli zao. Mtoto alizaliwa wakati wa theluji, bado tukiwa tumebanana kule kwenye nyumba ya zamani. Ni msichana, anaitwa Agatha. Alilala kwenye kapu la mkate juu ya kabati, na alinenepa vizuri. Kiangazi kilichofuata tukahamia. Baridi iliporudi, Ludwina alilalamika. Asubuhi alisimama dirishani kuangalia jua likimulika Rofna yote, huku taa ikiwaka jikoni mwake.

"Angalia linavyong'aa," alikuwa akisema. "Kana kwamba linanicheka."

Nilimwacha aseme. Kupoteza kitu unachokiona kila siku ni kazi ngumu.

*

Ulikuwa mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, siku ya joto, mchana. Tulikuwa Rofna tunageuza nyasi, mimi, Ludwina, Burga na Wendel. Agatha alikuwa amelala chini ya kitambaa kivulini mwa ghala. Nyasi zilikuwa zimekauka sawasawa, zinanukia. Zilikuwa chakula cha ng'ombe cha majira mazima ya baridi. Zilibaki kubebwa tu.

Nikasikia ubaridi shingoni. Nikageuka. Juu ya kilele palikuwa na wingu jeusi kama sufuria. Kwetu huku jua lilikuwa bado linawaka, hata tone halijaanguka.

"Tukikimbia tutaziingiza ghalani zote," akasema Burga. "Mvua ikija tutajikinga mle mle."

Nilifungua mdomo. Lakini Ludwina alinitangulia.

"Bebeni reki," akasema. "Twendeni."

"Na nyasi, Mama?"

"Ziache."

Alimnyanyua Agatha. Hatukukimbia, kwa sababu mimi siwezi kukimbia, lakini hatukusimama. Tulikwenda pembeni, kwenye kilima, mpaka kwenye msalaba. Tulipofika, kengele za kanisa zilianza kulia, zile zinazopigwa dhoruba ikija. Kule juu mvua ilikuwa inashuka kama pazia.

Kwanza kijito kilinyamaza. Hilo ndilo lililonitia hofu. Maji yalikauka kwenye mkondo wake, kama mtu aliyezuia pumzi. Kisha tukasikia mngurumo, ardhi ikatetemeka chini ya soli. Likatoka kwenye mdomo wa korongo dubwana jeusi, refu kuliko nyumba, na miti imesimama ndani yake inatembea. Harufu yake ilikuwa ya mawe yaliyogongana. Lilifika Rofna, likajifungua kulia na kushoto, likapunguza mwendo, likalala. Sawasawa na unga mezani.

Ghala halikuwepo. Nyasi hazikuwepo. Pale tulipochimba shimo palikaa jiwe moja kubwa kama gari la abiria.

Ludwina alilitazama jiwe lile. Alikuwa amemshika Agatha kwa nguvu mpaka mtoto akaanza kulalamika.

"Limekaa jikoni," akasema.

Baadaye Serafin alikuja mbio na watu wengine. Alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akaketi kwenye majani na kujifuta uso kwa kofia. Hakuna mtu aliyeumia, wala kwetu wala kwingine. Kibao cha njano kilionekana kwa mbali, kona yake tu, imechomoza kwenye tope.

Nyasi za ng'ombe wetu mwaka ule tulichangiwa na majirani. Fungu kubwa kuliko yote lilitoka kwa Serafin.

*

Siku ya maandamano, mwezi wa tano uliofuata, tulikwenda kama kawaida, siku chache kabla ya sikukuu ya Bwana Kupaa. Msalaba mbele, kisha watoto, kisha padre, kisha sisi wengine. Padre wetu wa sasa ni kijana, na miguu yake ni ya mbuzi wa mlimani. Tulipanda kilima tukiimba.

Kando ya msalaba palikuwa na kibao kipya cha mbao, bila rangi. Serafin alikichonga mwenyewe. Alikuwa amekuja nyumbani kuniomba nimtamkie jina polepole, asikosee. Kilisema: ROFNA. MAHALI PA POROMOKO. KATA NYASI, LISHA, USIJENGE. Pale Fontanell pia alikuwa amerudisha jina lake, na wageni, nasikia, wanalipenda kuliko waridi zisizokuwepo.

Chini yetu majani machanga yalikuwa yameanza kuota katikati ya mawe. Miaka michache tu, na Rofna itakuwa tena ya kijani, nzuri, tambarare, yenye jua. Mtu asiyejua ataitamani. Nilikuwa nawaza hivyo padre alipoinua mkono na kukibariki kijito. Kisha akageuka, na sisi sote tukageuka.

Wendel alivuta sketi ya mama yake.

"Si poromoko limeshapita? Mbona bado hatuvuki?"

Wanawake wawili mbele yetu walinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mzee. Lakini mimi nilimtazama Ludwina. Nilikuwa nasubiri.

Ludwina alimhamisha Agatha kwenye nyonga ya pili. Akamwinamia mwanawe, akaelekeza kidole kwenye jiwe lile kubwa, kisha kwenye korongo, kisha nyuma ya kilima, ambako jua lilikuwa limeshafika juu ya mcheri wake uliochanua.

"Huku ni kwa kijito," akamwambia. "Kwetu ni kule. Na wewe ukiwa na watoto, uwaambie hivyo, tena uwaambie na sababu."

Akaanza kumweleza, tangu unga na mfuko, na alikuwa bado anaeleza tulipofika nyumbani.